Kinjeketile, Mabepari wa Venisi au Kwenye Ukingo wa Thim: muanze na ipi sebuleni?

Tamthilia ya kwanza kututoa machozi hapa nyumbani Moshi ilikuwa ile ambayo nusu ya waliokaa sebuleni walishaifanyia mtihani. Waliijua. Wangeweza kukutajia dhamira tano, wahusika wakuu na wahusika wadogo, tamathali za semi na mfano wa kila moja, kama walivyomezeshwa kidato cha sita. Ila hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kinywani mwa mtu.

Huu ni mwaka wa pili tunakutana, Jumapili moja kila mwezi, jioni, watu wakishatoka ibadani na kupumzika. Tupo saba, siku nyingine kumi: mke wangu, mama mdogo, shangazi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, jirani fundi cherehani, na vijana wawili wa bodaboda kutoka Pasua ambao siku ya kwanza walimleta tu mwalimu, wakakaribishwa chai, wakabaki. Hatuigizi. Hakuna jukwaa wala mavazi. Tunagawana wahusika, tunakaa kwenye makochi na mikeka, tunasoma kwa sauti. Tukimaliza tunabishana mpaka wakubwa waanze kutafuta viatu vyao mlangoni.

Wengi wameniuliza: na sisi tukitaka kufanya hivyo kwetu, tuanze na tamthilia gani? Nimekuwa nikijibu juujuu, "yoyote tu." Jibu hilo si la kweli. Kikundi cha rafiki yangu kule Arusha kilikufa jioni ya pili kwa sababu walianza na kitabu kisichowafaa, na naumia nikikumbuka, maana watu wenyewe walikuwa na hamu. Kwa hiyo nalinganisha hapa tamthilia tatu zilizotukaa zaidi. Mbili zilitoka mwaka mmoja, 1969: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na Mabepari wa Venisi, yaani tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere akiwa rais wa nchi. Ya tatu, Kwenye Ukingo wa Thim, ni ya Hussein tena, ya mwaka 1988.

Tuanze na mdomo

Mkisoma kwa sauti, la kwanza si maudhui. La kwanza ni kama maneno yanakaa mdomoni.

Kinjeketile inakaa vizuri kuliko zote. Sentensi fupi, watu wanakatizana, kuna sauti za umati ambazo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kupewa. Mmoja wa wale vijana wa bodaboda ndiye alisoma Kinjeketile mwenyewe, mganga aliyewapa watu maji ya dawa katika Vita vya Maji Maji. Alianza kwa aibu, macho chini, kidole kikifuata mstari. Alipofika pale mtu huyu anapopandwa na pepo Hongo, akiingia mtoni na watu wakikata tamaa hadi anapotoka siku ya pili, sauti yake ilibadilika bila yeye kukusudia. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini. Hakuna aliyemfundisha. Maandishi yenyewe yalimbeba.

Mabepari wa Venisi ni kazi nyingine kabisa. Nyerere hakugeuza mashairi kuwa maneno ya kawaida; alifuata mtindo wa Shakespeare wa shairi guni, mistari yenye mizani isiyo na vina. Msomaji mgeni akiuona mstari umekatika ukurasani naye anakata, na kila mstari unalia kama tangazo la stendi. Usiku wa kwanza tulichoka kabla ya sehemu ya pili. Mwalimu ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Msisimame mwisho wa mstari. Simameni penye nukta." Akasoma yeye ukurasa mzima namna hiyo, polepole, na ghafla tukasikia mtu anaongea. Tangu hapo nimewaambia wote wanaotaka kukisoma: fanyeni zoezi hilo kwanza kwa robo saa, la sivyo mtakichukia bure. Msamiati nao una ugumu wake, maneno ambayo kijana wa leo hajawahi kuyasikia sokoni Mbuyuni wala redioni. Kama hamna mtu mzima anayependa Kiswahili kwa moyo, mtakwama.

Thim ipo katikati. Lugha yake ni ya watu wa mjini waliosoma, wanaojua kusema jambo huku wakificha jingine. Ni rahisi kutamka. Ugumu wake uko kwenye ukimya, kwenye yale ambayo mume na mke hawamalizii. Wasomaji wanaokimbia wataipita bila kuiona.

Deni na damu

Pamoja na ugumu wote huo, sikutegemea Mabepari ingekuwa habari ya mtaani kwetu kiasi kile.

Kisa chenyewe wengi wanakijua. Bassanio anataka fedha za kwenda kumposa Portia. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara ambaye mali yake yote iko baharini, anamkopea kwa mkopeshaji Shylock dukati 3,000 kwa miezi 3. Shylock hadai riba. Anaandikisha mkataba kwamba deni lisipolipwa, atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Merikebu hazirudi. Muda unapita.

Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba chao. Tulipofika kwenye mkataba aliweka kikombe chini akasema, "Hii si ndiyo kausha damu?" Sebule nzima ikalipuka. Kila mtu alikuwa na mtu wake: aliyechukuliwa friji, aliyechukuliwa makochi, dada aliyehama mtaa usiku kwa sababu ya marejesho ya kila siku. Tulikaa nusu saa nzima tukiongea habari za mikopo bila kurudi kitabuni, na sikumkatiza mtu, kwa sababu tulikuwa bado ndani ya tamthilia. Kisha tukafika mahakamani, katika tendo la nne, Portia akiwa amevaa kama mwanasheria. Anakubali kwamba mkataba ni halali na nyama ni ya Shylock. Ila mkataba hautaji damu: akimwaga hata tone moja, sheria inamgeukia yeye. Yule aliyeiita kausha damu dakika arobaini nyuma alisimama wima.

Lakini wasomaji wazima hawaishii kushangilia. Shylock ni Myahudi, ametemewa mate na watu haohao wanaokuja kumkopa, na anauliza kama Myahudi hana macho, kama akichomwa hatoki damu. Fundi cherehani wetu alikuwa ndiye Shylock. Ni Mwislamu katika sebule yenye Walutheri na Wakatoliki wengi, mtu mpole, na yale maneno aliyasoma bila kupandisha sauti hata kidogo. Baadaye, Shylock anaponyang'anywa mali na kulazimishwa kubatizwa, hakuna aliyecheka. Shangazi alisema Portia alihubiri huruma vizuri sana, ila yeye mwenyewe hakubakiza. Nimesikia mahubiri mengi juu ya huruma na machache yamenikaa kama sentensi ile.

Tena kuna jina. Shakespeare aliandika habari za mfanyabiashara mmoja; Mwalimu akaandika mabepari, wengi. Kitabu kilitoka miaka 2 tu baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, neno hilo likiwa bado la moto. Ukiwa Arusha unaweza kwenda kwenye Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni asubuhi na kusoma Mabepari jioni, na utajiuliza kama tulivyojiuliza sisi: bepari ni nani humu? Shylock peke yake, au na Antonio mwenye merikebu zake, na Bassanio anayeoa kwa hesabu? Mwalimu mstaafu anaamini Nyerere alitaka tuwaone wote. Mimi nakubaliana naye.

Neno lililomshinda aliyelisema

Kinjeketile kwa watu wa Moshi ina kizingiti kidogo: Vita vya Maji Maji havikufika Kilimanjaro. Ni habari za Matumbi, za Rufiji, za Ungoni, za watu waliolazimishwa kulima pamba ya Wajerumani kusini huko. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo vinaanza. Vilipokwisha mwaka 1907 waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Shuleni tulijifunza kama orodha ya sababu na matokeo.

Kizingiti kile kilivunjwa na shangazi, aliyezaliwa Old Moshi. Alisema tu, "Na Meli je?" Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani hao hao mwezi Machi 1900, miaka 5 kabla, na kila mtoto wa upande ule ameonyeshwa mti. Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kitanzi cha Mjerumani ni nini.

Lakini tamthilia hii si somo la historia, na Hussein mwenyewe alisema wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa sanaa, si yule wa kumbukumbu. Uzito wake uko kwingine. Mtu amepewa neno, maji yatawaunganisha watu. Neno linawaunganisha kweli, makabila yaliyokuwa yakigombana yanakaa pamoja. Kisha anagundua kwamba neno hilohilo lina sumu: pepo amesema wakishinda watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watoke kwa bwana mmoja waingie kwa mwingine. Anaanza kutia shaka. Anataka kusimamisha. Hawezi tena, kwa sababu neno limeshatoka mikononi mwake. Na mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa akikiri, watoto wa kesho wataambiwa baba zao walikosea hata kupigana.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Vijana wa bodaboda wote wawili walisema alikuwa sahihi. Mama mdogo alisema mtu akijua kitu ni uongo na watu wanakufa, aseme. Hawajapatana hadi leo, na wakikutana sokoni wanaendeleza. Huu ndio ubishi safi kabisa nilioupata katika tamthilia yoyote, ubishi usiohitaji mtu awe amesoma.

Kaburi la nani

Sasa Thim. Nitakaa hapa kidogo.

Desemba 1986 alifariki wakili maarufu wa Nairobi, S. M. Otieno, Mjaluo. Mkewe, Wambui, Mkikuyu, alitaka amzike Matasia, Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Ukoo wa mume ulitaka mwili uende kwao. Kesi ikapanda mahakamani, maiti ikakaa mochwari miezi mitano, na mwishoni, Mei 1987, ukoo ukamzika Nyalgunga, Siaya. Kwenye hilo Ebrahim Hussein alijengea tamthilia yake: Herbert na mkewe Martha, mji na ukoo, sheria ya kitabu na sheria ya damu. Thim ni neno la Kijaluo, ni pori, ni nje ya mahali watu wanapokaa kwa taratibu.

Nieleze nini kwa mtu wa huku? Kwetu maiti hupanda. Mtu akifia Dar es Salaam, safari inaanza usiku, magari na koasta zinafuatana, asubuhi zinakunja kuelekea Kibosho, Machame, Marangu au Rombo, na kaburi limeshachimbwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba. Mke aliyetoka kabila jingine huambiwa siku na saa. Mara nyingi haulizwi.

Mimi nilipoteza baba mdogo namna hiyo. Mkewe alikuwa mtu wa Iringa, wameishi Dar miaka ishirini na zaidi, watoto wamezaliwa kule, hawajui Kichagga. Alitaka azikwe Dar ili watoto wawe wanakwenda kaburini. Kikao cha ukoo kilichukua chini ya saa moja. Nilikuwepo. Nilikuwa na umri wa kusema neno na sikusema.

Siku tuliyosoma Thim, mama mdogo alisoma Martha na shangazi akasoma upande wa ukoo. Shangazi ndiye aliyeongoza kikao kile cha kwetu. Hatukuwa tumepanga, tuligawa wahusika kwa kufuata nani ana miwani. Walisoma vizuri, wanajibizana, hadi mahali fulani mama mdogo akanyamaza. Hakulia. Aliendelea kuutazama ukurasa. Tukasubiri. Umeme ulikuwa umekatika, tunasomea tochi za simu, na unasikia mbu. Shangazi akageuza kitabu kifudifudi juu ya goti lake, akasema, si kwa mama mdogo wala kwa mtu yeyote, "Kwani mimi ningefanyaje?" Halafu, baada ya muda: "Yule mama wa Iringa bado ana namba ile ile?"

Alimpigia wiki iliyofuata. Yaliyozungumzwa ni ya kwao.

Walioifanyia Thim mtihani walikuwa watatu sebuleni siku hiyo, maana iliwahi kuwa kwenye orodha ya vitabu vya kidato cha tano na sita. Mmoja, binti wa jirani, alisema aliandika insha ya "mgongano wa mila na usasa" akapata alama nzuri, na kwamba muda wote ule hakujua kwamba kitabu kinamhusu mtu aliyefiwa.

Tofauti kubwa kati yake na zile mbili ni hiyo. Mabepari inakupa habari za watu wa mbali, wewe ndiye unayewaleta karibu. Kinjeketile inakupa swali ambalo taifa zima linalo. Thim inaingia chumbani kwako. Kwa hiyo inataka uangalifu: msiisome kama kuna msiba mbichi katika familia, matanga hayajaanuliwa, wala kama kuna kesi ya kihamba inayoendelea kati ya watu waliokaa humo. Nimekataa kuipendekeza kwa nyumba moja kwa sababu hiyo, nikawapa Kinjeketile.

Muda, watu, vitabu

Kinjeketile ni kitabu chembamba, mnamaliza jioni moja na muda wa kubishana unabaki. Ina sauti nyingi, hivyo inafaa mkiwa wengi, na watoto wanaweza kuwepo. Mabepari ina matendo matano. Kwetu ilichukua Jumapili tatu, na mtu mmoja alishika wahusika wawili au watatu. Anayesoma Portia lazima awe na pumzi. Thim ilitutosha kwa jioni moja ndefu, na wasomaji sita wanaiweza.

Kuhusu kupata nakala: Thim na Kinjeketile waulize kwanza watoto wa ndugu waliosoma mchepuo wa sanaa, mara nyingi zimelala chini ya kitanda. Mabepari mimi niliipata kwenye vitabu vya mitumba, jalada limeng'oka. Ukienda dukani shika kitabu mkononi ukifungue, maana unaweza kuuzwa kijitabu cha uchambuzi badala ya tamthilia yenyewe. Mmoja wetu alirudi na madesa ya kurasa themanini, hakuna hata mazungumzo mamoja ndani.

Ngoswe ya Edwin Semzaba nayo tumeisoma, ile ya karani wa sensa anayempenda Mazoea kijijini mpaka kazi ya serikali inaungua moto. Mkiwa na vijana wengi na mnataka kucheka, ianzeni bila kufikiri mara mbili. Nguzo Mama ya Penina Muhando nayo ningewapa kina mama wa kikoba chochote, wanawake wa Patata na ile nguzo inayokataa kusimama. Sikuziingiza kwenye ulinganisho kwa sababu hizi zinajichagulia wasomaji wake zenyewe.

Kwa zile tatu, hivi ndivyo ningechagua. Nyumba yenye rika mchanganyiko, wengine hawajazoea kusoma kwa sauti, wengine watoto: Kinjeketile, na sioni sababu ya kusita. Watu wanne watano wanaopenda lugha, wenye subira, na hasa kama wanakopeshana fedha: Mabepari wa Venisi, ila si jioni yenu ya kwanza, ndicho kitabu kilichoua kikundi cha Arusha. Watu wazima wanaofahamiana vya kutosha kunyamaza pamoja, hasa huku kwetu Kilimanjaro: Kwenye Ukingo wa Thim, na muisome kabla ya Desemba, kabla watu hawajapanda nyumbani na vikao havijaanza.

Mkiichagua hiyo, sehemu za ukoo mpe mkubwa wa nyumba. Martha mpe yule aliyeolewa mbali na kwao, na usimwambie kwa nini umempa.